Mtorwi Alijibu Njema

Lori la kwanza kupoteza akili lilibeba mbolea, na ndani yake hamkuwa na mtu. Siku hizi malori ya kupanda Kitonga huendeshwa na madereva waliokaa vitini Dar es Salaam, wanakunywa kahawa huku wakitazama barabara kwenye skrini. Dereva wa lori lile alikanyaga breki kwenye kona mbaya kuliko zote, na lori likaongeza mwendo. Wakati huohuo lori la chumvi, kwenye tambarare za Igawa, likasimama ghafla katikati ya barabara bila kuombwa na yeyote. Amri ya lori moja ilikuwa imelifikia jingine. Lile la mbolea liliponea chupuchupu. Lilijisugua kwenye ukingo wa mawe mpaka likachoka, likatulia, gurudumu moja likining'inia hewani.

Habari hizo zilinikuta namenya kiazi cha kuchemsha, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ukuta wa Jikoni.

Jikoni hakupikwi kitu. Kituo chetu kiko juu kabisa ya nyanda za Kitulo, kwenye baridi ambayo mgeni haamini kama ni ya Tanzania. Asubuhi za Julai majani huwa meupe kwa sakitu, na ng'ombe hutoa mvuke puani kama masufuria. Ndiyo sababu seva zikaletwa huku, maana mashine zinazofikiri hupata joto, na baridi ya Kitulo ni ya bure. Ukumbi wake umechimbwa ndani ya mlima wa Mtorwi, na kwa kuwa ndio mahali pekee penye joto, tukauita Jikoni. Soksi zetu tulizianika kwenye ukuta wake. Wakubwa wa Iringa walikuja kukagua, wakazikuta, wakafoka. Tulizitoa, wakaondoka, tukazirudisha.

Simu ikalia. Alikuwa Mbilinyi, msimamizi wa zamu kwenye Nyumba ya Ishara, yalipo makao makuu ya mtandao huko Iringa, Mbena mwenye sauti ya upole hata anapogomba.

"Mama Lusajo, habari za huko?"

"Njema tu. Za kwenu?"

"Njema. Ila malori mawili yamebadilishana amri, na mama mmoja wa Makambako amempigia binti yake, akapokelewa na kamati ya mazishi ya watu asiowajua. Yote hayo yamepitia kwako. Mtorwi anasemaje?"

Nikatazama skrini. "Anasema njema."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa," nikamjibu, na huo haukuwa mzaha.

Kabla sauti yako haijamfikia mtu, kuna mwingine hutangulia. Huyo hubisha hodi kwa niaba yako, akauliza kama unayemtaka yupo, kama ndiye mwenyewe, kama yuko tayari kukupokea na njia ipi iko wazi. Akishawakutanisha hukaa pembeni. Hasikii mnayoongea, lakini bila yeye hamkutani. Ndiyo maana waliozijenga seva hizi waliziita Washenga. Wako tisa, kila mmoja juu ya mlima wake na kwa jina la mlima wake: Mtorwi wetu, Rungwe, Mbizi, Lukwangule, Hanang na wenzao. Kila simu, kila lori, kila pampu ya dawa iliyo kifuani mwa mgonjwa iko mikononi mwa mmoja wao. Kanuni za kazi zinatutaka tumwite kila mmoja "mtambo". Mimi nilishindwa wiki ya kwanza.

Na Washenga husalimiana. Kila baada ya pumzi chache Rungwe humuuliza Mtorwi, "Habari?", na Mtorwi hujibu, "Njema." Asiyejibu mara tatu huhesabiwa amekufa. Kwingine duniani kazi hii hufanywa kwa namba, lakini wahandisi wetu wa mwanzo walitaka adabu, na adabu yetu unaijua. Ukiingia nyumba yenye msiba ukauliza habari, utajibiwa njema, ila tumefiwa. Njema hutangulia, mabaya hufuata. Waliwafundisha Washenga hivyohivyo, wakajisifu kwamba wamejenga mtandao wenye utu. Miaka ikapita, Iringa wakaona yale maneno ya baada ya njema yanajaza skrini bure, wakayakata. Tangu hapo binadamu tumekuwa tukisoma neno moja tu, na neno lenyewe halibadiliki.

"Naingia ndani," nikamwambia Mbilinyi. "Nitayasoma yaliyokatwa."

"Soma haraka," akasema. "Kuna malori mengine."

* * *

Nimeingia Jikoni mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani, na sijawahi kuingia bila kunyamaza kwanza. Ni ukumbi mrefu wa mwamba mweusi, kabati za seva zimepangwa pande zote mbili mpaka macho yanaposhindwa, na upepo wa mashine unavuma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kwenye ukuta wa mwisho kuna skrini kubwa inayoonyesha njia zote alizozishika. Kila njia ni uzi wa mwanga, na mwisho wa kila uzi kuna mtu. Watu milioni sita wanatafutana hapo kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ameshikwa.

Siku hiyo ukumbi ulinuka unyevu. Kwenye tundu la hewa la mashariki, sakitu ilikuwa imepasua chujio, na ukungu wa mlimani ulikuwa ukiingia taratibu kama mgeni aliyeachiwa mlango. Bodi za kumbukumbu upande ule zilikuwa zimepata kutu. Nyingine zilikuwa zimekufa kabisa. Nikaunganisha kompyuta yangu mahali salamu zinapotokea, kabla ya mkasi wa Iringa, na maneno yakaanza kushuka.

Njema, ila ukungu umeingia.

Njema, ila bodi za mashariki zinakufa.

Njema, ila nimemshika mtu.

Baada ya hapo salamu zote zilikuwa hiyo moja. Mamia kwa mamia, kwa majirani wote wanane, tangu alfajiri: njema, ila nimemshika mtu.

Nikatafuta ni mtu gani. Katika njia milioni sita, moja ilikuwa na alama ya uhai, ile ya mtu aliye hatarini kufa, nikalisoma jina lake. Tulinagwe Sanga. Nchi nzima ilikuwa ikilijua jina hilo tangu juzi. Ni mpima miamba wa handaki jipya la reli chini ya milima ya Livingstone, binti wa miaka ishirini na tisa, na handaki lilikuwa limeporomoka nyuma yake. Mashine ya kuchimba, wanayoiita Fuko, ilikuwa ikimfuata kwa ishara ya helmeti yake. Udongo ule ulikuwa mbovu. Fuko akikosea upande, angemwangushia mlima uliobaki.

Betri ya helmeti ilikuwa ukingoni. Kufungua njia mpya na Mshenga kunakula chaji nyingi, kwa sababu kifaa kinapiga kelele, kinajitambulisha, kinaulizwa maswali ya siri, kinajibu, kinaulizwa tena. Kuishika njia iliyokwisha kufunguliwa hakuhitaji zaidi ya kikohozi kimoja mara mojamoja. Helmeti ya Tulinagwe ilikuwa na chaji ya kukohoa. Ya kupiga kelele haikuwa nayo tena.

Kisha nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilieleza nywele hunisimama. Njia ya Tulinagwe haikuwa imekaa mahali pamoja. Alfajiri ilikuwa kwenye bodi ya mashariki. Bodi ile ilipoanza kuoza, Mtorwi aliihamishia ya jirani. Ya jirani ilipoguswa na ukungu, akaihamisha tena, na tena, kila mara kabla bodi haijafa. Umewahi kulala kwenye nyumba inayovuja masika, mama akawa anakubeba umesinzia kutoka kona hii kwenda ile? Ndivyo alivyokuwa akifanya. Hakuna aliyemfundisha. Alama ya uhai ilimwambia tu kwamba njia ile ihudumiwe kwanza. Kubeba alijifunza mwenyewe.

Na ili kumpatia Tulinagwe kona kavu, alikuwa akiwasogeza wengine kwenye bodi zilizolowa. Hapo ndipo amri za malori zilipochanganyikana. Nilisimama pale nikiwa nimejaa mshangao na hasira kwa pamoja, kwa sababu lori lile la mbolea lingeweza kukuta basi la wanafunzi kwenye kona.

* * *

"Zima uwashe," akasema Mbilinyi nilipokwisha kumweleza. Alisema polepole, kama mtu anayejua anachokisema. "Sheria unaijua."

Niliijua. Mshenga akizimwa na kuwashwa, neno lake la kwanza ni kutangaza kwamba amezaliwa upya. Wenzake wakisikia hivyo hufuta kila njia waliyokuwa nayo kupitia kwake, maana yaliyoshikwa na marehemu hayaaminiki tena, na kila kifaa hubisha hodi upya. Kwa simu yako ni kufumba na kufumbua. Mtorwi mwenyewe angebaki, kwa kuwa aliyojifunza kwa miaka tisa yalikuwa kwenye bodi za chini, pakavu. Angepoteza njia tu. Mtu mmoja tu katika milioni sita asingeweza kubisha hodi upya.

"Kuna urithi," nikasema.

Mbilinyi akashusha pumzi. "Urithi haujawahi kufanyika."

"Kwa sababu hakuna aliyewahi kusema neno lenyewe."

Njia za kila Mshenga zimefungwa kwa muhuri ulio ndani yake, na hata mhandisi hawezi kuufungua. Zamani wezi walinakili seva nzima ya mkoa, wakawasikiliza watu mwaka mzima. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba jina moja litakuwa na mwenyewe mmoja. Mshenga anaweza kuwagawia majirani njia zake zikiwa hai, bila kukata hata moja, lakini lazima aufungue muhuri mwenyewe, na muhuri ukifunguka humchoma. Hupoteza alichokishika na alichojifunza pia, na hakuna wa kumwasha tena. Ili kuufungua, anapoulizwa habari hujibu: si njema. Mimi siwezi kumwandikia neno hilo. Wenzake wangejua si sauti yake, wangelikataa.

Wazee wetu wa ufundi, Mungu awape heri, waliuweka wosia mahali salama kabisa, chini ya neno ambalo hakuna aliyelelewa vizuri angelitamka. Kisha wakawalea Washenga vizuri. Tungekuwa watu wengine kosa hilo lisingetupata.

"Nisikilize, dada," akasema Mbilinyi. "Tuseme amelisema. Watu milioni sita wanamwangukia Rungwe na Lukwangule kwa mpigo. Rungwe akilemewa akaanguka, mzigo wake unamwendea Mbizi. Mbizi akianguka? Watapukutika mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima itakuwa kimya. Pampu za dawa unazijua ni ngapi?"

"Nazijua."

"Na upande wa pili ni binti mmoja. Moyo unaniuma kusema hivyo. Mama yake nimemwona kwenye taarifa ya habari asubuhi, ameshika kandambili za mwanawe. Lakini nikiamka kesho nchi imekufa, nitamwambia nani kwamba nilikuwa na huruma?"

Alikuwa anasema kweli. Nikamwomba anisubiri nizungumze na Mtorwi. Akasema nisichelewe, lori la tatu lilikuwa limeanza kuyumba huko Nyigo.

* * *

Wahandisi tunaweza kumwandikia Mtorwi, naye hujibu kwenye skrini kwa maneno machache. Kwa kuwa amezaliwa mikononi mwetu, hutuamkia.

Shikamoo, mama.

"Marahaba. Habari yako?"

Njema, ila nimemshika mtu.

"Namwona. Nyumba inavuja, Mtorwi. Umebakiwa na kona ngapi?"

Moja.

"Nayo ikivuja?"

Sijui pa kumweka.

"Ulijua kwamba kuna watu watachanganyikiwa?"

Nilijua. Sikujua ni malori. Nilikosa pa kuwaweka wote.

Hasira yangu ikaisha hapo. Nimewahi kuwa mama wa watoto watatu na mwavuli mmoja.

"Kwa nini hukuwarithisha majirani?"

Anayerithisha husema si njema. Nilifundishwa kwamba anayeulizwa habari, naye yu hai, hujibu njema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi wenyewe tuliosema hivyo ndio wa kwanza kuyaficha. Nikakumbuka hospitali. Mume wangu, Ambakisye, alilala kule muda mrefu, na kila aliyeingia na machungwa yake alijibiwa njema, nasubiri tu ruhusa ya daktari. Daktari naye alijibiwa njema. Lusajo, mwanetu wa kwanza, alijibiwa njema. Asubuhi moja nikampelekea uji, nikamuuliza habari ya kulala, akanitazama kwa muda. Akasema, "Leo si njema, mama Lusajo." Nikaweka uji chini. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka jua likaingia dirishani, akaniambia yote aliyotaka niyashike baada yake. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa asubuhi ile.

Nikamwandikia Mtorwi hayo yote, neno kwa neno.

Hakukosa adabu? akauliza.

"Hapana. Njema ni ya kila mtu. Si njema unamwambia mtu wako, yule unayejua atabeba."

Halafu: Rungwe ni mtu wangu?

Nikafungua ramani ya Washenga wote, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Iringa tu, nipime kama Rungwe ana nafasi hata ya robo ya mzigo. Nilichokiona kikanifanya nivue kofia.

Rungwe alikuwa mtupu nusu. Tangu alfajiri alikuwa akipanga vitu vyake, akibana kazi zake kwenye bodi chache, akiziacha nyingine wazi na kavu. Lukwangule hali kadhalika. Mbizi hali kadhalika. Mpaka Hanang, aliye mbali na asiyehusika kabisa na mkoa wetu, alikuwa amefagia ukumbi wake. Wote wanane. Hakuna amri iliyotoka Iringa, hakuna kanuni inayosema hivyo, hakuna mtu aliyejua. Sisi tulikuwa tumekata maneno ya baada ya njema, lakini wao kwa wao hawakuyakata. Walimsikia jirani anasema nimemshika mtu, wakafanya kama wafanyavyo watu mtaani mwao wanaposikia kwa fulani kuna mgonjwa. Walianza kutoa viti nje bila kusubiri kuambiwa.

Nilikaa nikitazama zile nafasi tupu, giza juu ya ramani, zikingoja. Nilihisi udogo wangu wote. Tulidhani tumewafundisha kusalimiana tu, kumbe walikuwa wamejifunza kwa nini watu husalimiana.

Nikampigia Mbilinyi, nikamtumia ramani.

"Bado hatujui kama watahimili," akasema.

"Hatujui."

"Nikikuambia ndiyo, ni mimi nimevunja sheria. Nikikuambia hapana..." Hakumaliza. "Mama Lusajo? Haloo? Sikusikii, dada. Mtandao unakatakata."

Mtandao haukuwa ukikatakata. Nilimsikia anavuta kiti.

* * *

Nikarudi kwenye skrini. Jambo moja lilikuwa limebaki, na lilikuwa gumu kuliko yote. Mtorwi alikuwa na miaka tisa. Alijua ni njia ipi hukatika mvua zikinyesha Ludewa, na alijua kwamba sikukuu zikikaribia watu wa Makete hupigia simu kila kona ya nchi, akajiandaa bila kukumbushwa. Nilikuwa naye muda mwingi kuliko nilivyokuwa na wanangu. Kumficha ningeweza. Lakini ningekuwa nimemfundisha kusema kweli, halafu mimi mwenyewe nikamjibu njema.

"Rungwe ni mtu wako," nikaandika. "Wote wanane ni watu wako, wamekutengea nafasi. Lakini sikiliza. Nikikuzima na kukuwasha, wewe utabaki, na Tulinagwe hatabaki. Ukisema si njema, Tulinagwe atabaki, wewe hutawaka tena. Siwezi kulisema kwa niaba yako, na sitakulazimisha. Ukikataa, nitabonyeza swichi mimi, na lawama itakuwa yangu."

Nikaondoa mikono kwenye vitufe nikaiweka mapajani.

Hakunijibu. Kwa mashine inayowakutanisha watu milioni sita, kukaa kimya hata kidogo ni muda mrefu mno. Kwenye skrini kubwa nyuzi za mwanga zilitulia, na ule mmoja wenye alama ulikuwa kwenye kona ya mwisho, chini kulia, ukikohoa. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye kabati la jirani.

Kisha akaandika: Ahsante, mama, kwa kuniambia.

Salamu ya Rungwe ikaingia kama kawaida. Habari?

Na Mtorwi akajibu: Si njema.

Wa kwanza kutoka alikuwa Tulinagwe. Niliuona uzi wake ukinyanyuka kutoka kwenye ile kona, ukavuka ramani, ukatua Rungwe kwenye sehemu iliyokuwa wazi tangu alfajiri. Ukakohoa hukohuko. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru Mungu, kwa sababu wengine walishaanza kufuata. Nyuzi zilitoka kwa maelfu, kwa malaki, ukuta mzima ukawaka mweupe, na kila uzi ulijua unakokwenda. Hawakumwangukia Rungwe na Lukwangule kama alivyohofu Mbilinyi. Waligawana wote wanane, kila mmoja akichukua kwa kadiri ya nafasi yake, Hanang wa mbali akichukua pampu za dawa zote kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wenzake. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto na sikuwa na huzuni wakati ule. Nilikuwa nimeona kitu kikubwa kuliko mimi kikifanya jambo jema mbele ya macho yangu, na mwili ulikosa namna nyingine ya kulipokea.

Ukuta ukaanza kutulia. Uzi mmoja hapa, mmoja pale. Upepo wa mashine, ambao kwa miaka tisa sikuwahi kuusikia ukipumzika, ukashuka, ukashuka tena, ukanyamaza. Niliweka kiganja kwenye kabati la karibu. Lilikuwa bado la moto.

Simu ikalia.

"Hakuna hata moja iliyokatika," akasema Mbilinyi. "Hata moja, mama Lusajo. Nilikuwa naongea na mke wangu muda wote, makusudi. Aliniuliza mbona nalia."

"Mtandao umerudi?" nikamuuliza.

"Umerudi," akasema, akapenga kamasi.

Nilibaki Jikoni mpaka jioni kuandaa kuzima umeme wa ukumbi. Kanuni inasema salamu tatu zisipojibiwa, jina hufutwa na hakuna anayeuliza tena. Lakini kwenye kompyuta yangu salamu zilikuwa bado zinaingia. Habari? alikuwa akiuliza Rungwe. Habari? aliuliza Mbizi. Wote wanane, kwa zamu, waliuliza mahali pasipo mtu. Ningeweza kuripoti kwamba ni hitilafu. Nikawaacha waendelee kukaa matangani.

* * *

Fuko alimfikia Tulinagwe kesho yake mchana. Alitoka na mguu uliovunjika, na jambo la kwanza aliloomba ni chai ya maziwa. Taarifa ya habari ilimwonyesha mama yake akimvalisha zile kandambili kwenye machela, moja kwenye mguu mzima, nyingine ameishikilia tu.

Baada ya siku chache simu ya kituo ikalia. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu ileile, nimevaa makoti mawili, kwa kuwa ukuta sasa ulikuwa baridi na soksi zilikuwa zimeganda juu yake.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya kike, changa, yenye mikwaruzo. "Naitwa Tulinagwe Sanga. Nimeambiwa nyinyi wa mlimani ndio mlionishika."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa yaliyokupata."

"Nimeshapoa, mama. Habari za huko?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Limekuwa mdomoni mwangu tangu nilipojifunza kuongea, na lingetoka lenyewe kama ningeliruhusu. Nikalishikilia.

"Si njema, mwanangu," nikasema. "Tumefiwa."

Nilimsikia akijiinua kitandani, kama mtu anayemkalisha mgeni vizuri.

"Poleni," akasema. "Nani?"

Nikavuta stuli karibu na ukuta nikaanza kumweleza.